Jenerali Mbita, Kongwa na Kumbukumbu Zinazopotea

Huenda hakuna swali lililo jepesi kuuliza na zito kujibu katika somo la historia kama hili: Hashim Mbita alikuwa nani? Mwalimu wa Mkonze akiulizwa atasema alikuwa mwanajeshi, maana alifikia cheo cha Brigedia Jenerali katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mtumishi wa wizara aliyehamia Dodoma atasema alikuwa mtu wa Chama, maana aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Waandishi wa habari nao watamdai kuwa ni wao, kwa kuwa alianzia katika kazi ya habari na akawa mwandishi wa habari wa Rais kabla hajavaa sare za jeshi. Wote watakuwa wamesema kweli, na wote watakuwa wameacha jambo lenyewe. Kwa muda wa miaka ipatayo ishirini, hadi mwaka 1994, mtu huyu alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ofisi yake ndiyo iliyokuwa mlango ambao bara zima lilipitishia silaha, fedha, chakula, dawa na nauli kwa watu waliokuwa wakidai nchi zao kutoka kwa Wareno, walowezi na makaburu.

Askari wa namna hii ni mgumu kumsimulia. Jenerali David Musuguri, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104, ni rahisi zaidi, kwani alikwenda Madagaska na jeshi la Mwingereza, akaongoza Divisheni ya 20 katika vita dhidi ya Iddi Amin, na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Mtoto husikia habari hizo akaona vifaru vikivuka mpaka. Mbita hakuteka mji wowote. Vita vyake vilipiganwa katika bohari, bandarini, katika vikao visivyokwisha, na katika barua za kuzikumbusha serikali za Afrika michango ambayo hazijaleta. Hata hivyo, bila vita hivyo vya karatasi na magunia, vile vya bunduki visingeweza kwenda mbali.

Kwa watu wa Ugogo habari hii ina uzito wa pekee, kwa sababu neno askari lilikwisha kuwa na maana mbaya katika nchi hiyo zamani za utawala wa wageni. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo ili kulisha jeshi lao, na vijana wakakamatwa kubeba mizigo. Mwezi Julai 1916 Waingereza wakauteka mji wa Dodoma, na wao pia wakachukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya. Wanahistoria hukadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa, yaani kiasi cha mtu mmoja katika kila watano. Ukame ulikuwapo hata kabla ya hapo, na Wagogo waliujua na walikuwa na njia zao za kuukabili: akiba ya uwele na mtama, mifugo ya kubadilishana na majirani, ndugu wa mbali wa kukimbilia. Majeshi mawili ya wageni ndiyo yaliyokomba akiba, yakaswaga mifugo na kuondoa mikono ya kulima. Waliokufa kwa Mtunya wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliouawa na vita, ingawa risasi haikuwagusa.

Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Walipigana vizuri, na ushujaa wao hautakiwi kudharauliwa kwa sababu ya bendera waliyopigania. Lakini jeshi lile lilibaki kuwa mali ya mtawala, na hata baada ya Uhuru wa 1961 liliendelea kuwa na maofisa wa Kiingereza hadi maasi ya Januari 1964 yalipolivunja. Jeshi la Wananchi lilizaliwa Septemba mwaka huo huo, kwa kanuni kwamba askari ni mwananchi mwenye kazi ya ulinzi, anayefundishwa siasa ya nchi yake na kutumwa na nchi yake. Mbita ni tunda la kanuni hiyo. Alijiunga na jeshi akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya sitini, akitoka katika kazi ya habari, akaenda kusomea uofisa katika chuo cha Mons nchini Uingereza. Katika jeshi la kikoloni mtu wa namna yake asingepata nafasi, na kama angepata, kalamu yake ingetazamwa kwa mashaka.

Alizaliwa Tabora tarehe 2 Novemba 1933, katika mji wa reli na wa shule, ambako watu wa makabila mengi wamekaa pamoja kwa vizazi. Alipokuwa Katibu Mtendaji wa TANU mwanzoni mwa miaka ya sabini ndipo Chama kilipotoa Mwongozo wa 1971, waraka uliowakemea viongozi wanaojifanya mabwana na kuwatisha walio chini yao. Maneno ya waraka ni jambo moja na mwenendo wa wakuu ni jambo jingine, na historia ya miaka ile ina mifano ya yote mawili. Kwa Mbita mtihani ulikuja haraka, maana kazi aliyopewa baada ya hapo ilimweka mbele ya watu wasio na nchi, wasio na serikali na wasio na kitu, ambao mkate wao ulitegemea sahihi yake.

Kamati ya Ukombozi iliundwa Mei 1963 huko Addis Ababa, siku zile zile OAU ilipozaliwa. Makao yake yaliwekwa Dar es Salaam, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi huru iliyo karibu na uwanja wa mapambano. Upande wa pili wa Mto Ruvuma alikuwako Mreno. Makatibu wake watatu, Sebastian Chale, George Magombe na Hashim Mbita, wote walikuwa Watanzania. Kila nchi mwanachama iliahidi mchango, lakini hotuba zilikuwa kali kuliko hundi, na malimbikizo ya madeni yakawa ni ajenda ya kudumu. Silaha nyingi zilitoka Urusi, China na nchi nyingine rafiki, zikateremshwa bandarini Dar es Salaam na kupelekwa kusini kwa ulinzi wa Jeshi la Wananchi. Mtumishi wa umma yeyote aliyewahi kutunza bohari ya shule yenye magunia arobaini ya mahindi ataelewa maana yake kuwa mlinzi wa bohari ya namna hiyo, ambapo kila chama kinaona chama kingine kimependelewa, na kila bunduki inayopotea inaweza kumpiga rafiki.

Ugomvi huo haukuwa mdogo. Angola ilikuwa na vyama vitatu vilivyopigana vyenyewe kwa vyenyewe hata Mreno alipokuwa anafungasha. Zimbabwe ilikuwa na ZANU na ZAPU, na Afrika Kusini ilikuwa na ANC na PAC. Mwaka 1975 Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa kwa bomu mjini Lusaka, na mwaka huo huo maofisa vijana wa kambi ya Mgagao, mkoani Iringa, waliandika tamko la kuwakataa baadhi ya wakubwa wao na kulipeleka kwa wenyeji wao na kwa OAU. Katibu Mtendaji hakuwa na jeshi lake la kuwaamuru watu hawa. Alichokuwa nacho ni subira, orodha ya vitu vilivyogawiwa, na sifa ya kutokuwa na upande.

Upande wa huduma kwa binadamu ndio ambao simulizi nyingi za ukombozi huupita haraka, kana kwamba ni kazi ya wanawake na wapishi isiyostahili kuandikwa. Kila mpiganaji aliyevuka Ruvuma aliacha nyuma yake mzazi aliyekimbia, mtoto asiye na shule na mwenzake aliyejeruhiwa. Wakimbizi wa Msumbiji walipewa makazi na mashamba Rutamba katika nchi ya Lindi, na Muhukuru na Lundo kule Ruvuma. FRELIMO ilikuwa na shule Bagamoyo na hospitali Mtwara. Mazimbu, karibu na Morogoro, Serikali iliwapa ANC shamba la mkonge lililoachwa mwaka 1977, baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi na maelfu yao kukimbia. Papo hapo pakajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979, pamoja na hospitali, mashamba na karakana. Mwaka 1992 ANC waliirudisha Mazimbu kwa Watanzania ikiwa na majengo kamili, na leo vijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine husomea humo. Kazi hiyo yote ilikuwa ya mikono mingi, ya Serikali, Chama, jeshi, mashirika ya wakimbizi na nchi rafiki. Kamati ya Ukombozi ilikuwa mshipa mmojawapo, na kusema kwamba Mbita aliyafanya peke yake ni kumdhulumu yeye na wengine pia. Lakini katika nafasi yake alishika kanuni moja isiyo rahisi, kwamba risasi na kidonge cha malaria ni vitu vya vita ile ile.

Kongwa iko mashariki ya Dodoma, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka Mkonze. Msafiri wa Morogoro huacha barabara kuu pale Mbande. Mahali hapo pamejaribiwa na historia mara mbili. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakileta trekta zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na wasimamizi ambao wengi wao walikuwa wametoka jeshini. Walidhani nchi ya Wagogo inaweza kuamriwa kama kikosi. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua hazikutii ratiba, na mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya fedha za Uingereza. Mgogo angeweza kuwaambia mapema, lakini hakuulizwa. Yalibaki majengo, na katika mabaki hayo ndipo mwaka 1964 Serikali huru ilipofungua kambi ya wapigania uhuru. Kwa vipindi mbalimbali walikaa hapo watu wa FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA. Samora Machel alipita Kongwa kabla jina lake halijajulikana na dunia. Kutoka Kongwa walitoka pia vijana wa SWAPO ambao walirudi nyumbani na kupambana na majeshi ya makaburu Omugulugwombashe mwezi Agosti 1966, siku ambayo Namibia huihesabu kuwa mwanzo wa vita vyake.

Mbita alikuta Kongwa imekwisha kujengwa na wenzake waliomtangulia. Lakini Kongwa ndiyo inayoeleza kazi yake kuliko ofisi yoyote ya Dar es Salaam, maana hapo inaonekana nani hasa aliyelipa gharama. Wenyeji walikuwa watu wa uwele na mlenda, wanaotazama mawingu kila Desemba kwa wasiwasi. Mwaka 1974 nchi nzima ilikosa mvua ya kutosha, na Serikali ikalazimika kuagiza nafaka kutoka ng'ambo. Hata katika hali hiyo hakuna aliyesikia wazee wa Kongwa wakidai kambi ifungwe ili chakula kiwatoshe wao. Wageni walichota maji katika visima vile vile, walicheza mpira na vijana wa pale, na wengine walioa au kuzaa na mabinti wa Kongwa. Watu wale wale ambao babu zao walinyang'anywa ng'ombe na majeshi mawili ya kigeni walikubali kwa hiari kuishi na majeshi matano ya ndugu zao. Ni vigumu kupata ushahidi ulio bora zaidi kwamba neno askari lilikuwa limebadilika maana katika Ugogo.

Hata hivyo, haitafaa kumfundisha mtoto kwamba makambi yalikuwa peponi. Vijana walikaa miaka wakingoja amri ya kwenda mbele ambayo haikufika, na wengine walikata tamaa wakatoroka. Kulikuwa na ukabila, upendeleo na adhabu zisizo na hukumu. Mwaka 1976 baadhi ya wanachama wa SWAPO waliokuwa wakiuliza maswali juu ya uongozi wao walikamatwa Zambia, na miongoni mwao Andreas Shipanga na wenzake wakaletwa Tanzania, wakafungwa hadi 1978 bila kesi. Jambo hilo lilifanyika kwa ajili ya mshikamano, na mshikamano haukulifanya kuwa haki. Wapo wanaoogopa kwamba kuyasema haya ni kuichafua historia ya ukombozi. Hofu hiyo haina msingi. Historia inayosimuliwa nusu huanguka siku mwanafunzi anapoipata nusu ya pili katika kitabu cha mgeni, na siku hiyo huikataa hata ile nusu iliyokuwa kweli.

Mbita mwenyewe hakuwa na hofu ya namna hiyo. Afrika Kusini ilipiga kura Aprili 1994, Kamati ikafungwa mwaka huo huo kwa kuwa kazi yake imekwisha, na Katibu wake angeweza kurudi nyumbani kupumzika. Mashirika mengi ya kimataifa hayajui kufa hata kazi yao ikiisha, hili lilijua. Yeye alitumikia tena kama Balozi wa Tanzania nchini Zimbabwe. Kisha akawa mlezi wa mradi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika uliopewa jina lake, wa kukusanya ushahidi wa vita vya ukombozi nchi kwa nchi. Watafiti walitumwa kuwahoji waliopigana na waliohudumu: makamanda, madereva, wauguzi, wanakijiji waliowaficha wapiganaji. Nyaraka zilikusanywa pamoja na simulizi. Matokeo yake ni juzuu tisa zilizohaririwa na Profesa Arnold Temu wa Tanzania na Joel das Neves Tembe wa Msumbiji, zikachapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2014. Mbita aliiona kazi hiyo ikitoka. Alifariki katika Hospitali ya Jeshi ya Lugalo tarehe 26 Aprili 2015, Sikukuu ya Muungano. Afrika Kusini na Zimbabwe zilikuwa zimekwisha kumpa nishani zao.

Katika maisha yake yote, hicho cha mwisho kinastahili kupewa uzito kuliko nishani. Mzee aliyeshika siri za vyama zaidi ya kumi, ambaye angeweza kwenda nazo kaburini kwa heshima, aliamua kwamba siri zimekwisha muda wake na sasa ni mali ya umma. Askari wengi huacha hadithi zao kwa wajukuu peke yao. Huyu alitaka hadithi ya mpishi wa kambi iwekwe katika buku moja na hadithi ya kamanda.

Lakini juzuu hizo tisa zimeandikwa kwa Kiingereza. Bei yake na uzito wake huziweka katika maktaba za vyuo vikuu na za wizara, na si katika kabati la shule ya msingi. Mwanamke wa Kongwa aliyemhudumia mpiganaji mgonjwa mwaka 1965 hawezi kuzisoma, na mjukuu wake wa darasa la tano hawezi pia. Taifa lililoendesha ukombozi kwa Kiswahili, ambamo Waafrika wa kutoka Cape hadi Cabo Delgado walijifunza kuombana chumvi kwa Kiswahili, limeiweka kumbukumbu ya kazi hiyo katika lugha ya kukopa. Jambo hili linapaswa kuwaumiza walimu kuliko mtu mwingine yeyote. Tena hakuna tena kisingizio cha mtaala, kwa sababu tangu mitaala mipya ya 2023 liko somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili. Somo limekuja, na maarifa ya kulijaza yako umbali wa safari ya asubuhi moja kutoka Mkonze.

Mkonze yenyewe inaonyesha kwa nini jambo hili haliwezi kungoja. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, na mji kutangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kata za pembezoni zimepokea watumishi, walimu na wajenzi kutoka kila pembe ya nchi. Palipokuwa mashamba ya uwele panapimwa viwanja. Ni neema, na hakuna haja ya kuilalamikia. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na Chama tangu 1973 na ulikawia mno. Lakini mtumishi anayehamia mtaa mpya hamjui jirani yake mzee. Hajui kama yule anayeota jua mbele ya tembe alikuwa mgambo aliyekwenda Kagera mwaka 1978, au alipeleka vyakula Kongwa, au alisikia kwa masikio yake simulizi ya Mtunya kutoka kwa bibi aliyeiona. Nyumba mpya inapanda, tembe inabomolewa, mzee anahamia kwa mwanawe, na hakuna aliyeandika neno.

Yapo maoni kwamba habari za namna hii ni anasa. Shule haina madawati ya kutosha, zahanati inakosa dawa, na mtu anataka fedha zitumike kutunza makaburi ya wageni wa Kongwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani inasemwa na watu wenye shida za kweli. Lakini kuandika simulizi ya mzee hakuhitaji bajeti ya wizara. Kunahitaji daftari, kalamu, saa mbili za Jumamosi na adabu ya kusikiliza. Kuhusu Kongwa, Serikali ilikwisha kuanzisha Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na kambi hiyo imo miongoni mwa maeneo yanayohusika. Lililo pungufu ni watu wa karibu kuliona jambo hilo kuwa lao, badala ya kungoja wageni wa Windhoek na Pretoria waje na mashada ya maua ndipo barabara ya makaburini ifyekwe.

Wapo wengine husema kwamba aliyestahili kuandikwa ni yule aliyeshika bunduki, na kwamba habari za karani wa ukombozi, za dereva na mpishi, zinapunguza heshima ya mashujaa. Mbita angekuwa wa kwanza kuwakatalia. Mwenyewe alikuwa jenerali wa makarani na madereva. Chakula kikichelewa kwa wiki mbili, kikosi kilichokwisha kuvuka mto kinarudi bila kupigwa hata risasi moja, na kamanda hodari hawezi kuzuia hilo. Ndiyo maana Siku ya Mashujaa, kila tarehe 25 Julai, gwaride linapopita Dodoma, jukwaa linaonekana kuwa na pengo. Wamo waliopigana, na inafaa wawemo. Hawamo waliowalisha.

Na liko kundi jingine ambalo kumbukumbu hizi kwake si za heshima tu, bali za haki. Miongoni mwa watu wazima wa Kongwa wamo waliozaliwa na akina baba waliokuwa wapigania uhuru, ambao waliondoka kwenda mbele na hawakurudi. Wengine waliuawa, wengine walifika kwao wakaanza maisha mengine. Mtoto wa namna hiyo alikua na jina la mama yake, pengine na picha moja iliyofifia, pengine bila hata picha. Wapiganaji wengi walitumia majina ya vita, kwa hiyo jina analolijua mama huenda halimo katika daftari lolote la Namibia wala la Msumbiji. Kinachoweza kumsaidia ni ushahidi wa majirani: fulani alikaa kambi ipi, aliondoka mwezi gani, alisema kwao ni wapi, alikuwa na kovu gani. Ushahidi huo uko katika vichwa vya wazee na si mahali pengine. Afisa Ustawi wa Jamii, mwalimu na mtendaji wa kijiji ndio wanaoweza kuuandika kwa namna itakayokubaliwa na balozi.

Kwa hiyo yafaa Halmashauri ya Kongwa na Jiji la Dodoma, kwa kuwatumia walimu wao wa historia, zifanye kwa kata zao yale ambayo mradi wa Mbita ulifanya kwa nchi za kusini. Kila shule ya sekondari inaweza kupewa kata yake. Wanafunzi wa kidato cha tatu wana nguvu, wana simu zinazorekodi sauti, na wengi wao wanasikia Kigogo, lugha ambayo watafiti wengi kutoka vyuoni hawaijui. Simulizi zichapwe kwa Kiswahili, nakala moja ibaki shuleni, ya pili iende maktaba ya mkoa, na ya tatu ipelekwe kwa Programu ya Urithi. Mzee asomewe alichokisema kabla hakijafungwa katika jalada, na asahihishe. Wanaohusika na juzuu zile tisa nao waombwe ruhusa ya kutoa kwa Kiswahili sehemu zinazoihusu Tanzania, kwa bei ambayo shule inaweza kulipa.

Haya yakianza muhula ujao yatakuwa yamechelewa, lakini hayatakuwa yamechelewa mno. Kijana wa Kongwa aliyekuwa na miaka ishirini kambi ilipofunguliwa mwaka 1964 alitimiza miaka themanini mwaka 2024.